Kabla Hujadungwa Sindano ya Goti

Simama kwenye stendi ya Machakos siku ya soko uangalie akina mama wa makamo wakishuka kwenye matatu. Wengi hushuka kiupande, mkono mmoja umekamata mlango, na mguu unaotangulia kugusa chini ni ule mbovu. Hakuna aliyewafundisha ila goti lenyewe: kushuka kunauma kuliko kupanda, na unaposhuka, mguu unaobaki juu ndio unaobeba mwili wote. Nasi wa huku mteremko hatuukwepi. Kuanzia vilima vya Iveti hadi Mua, ukienda kuteka maji unashuka, ukirudi unapanda, tena una mtungi wa lita 20 mgongoni na kamba kichwani. Mashamba nayo yana fanya juu, yale matuta ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu, yaliyoenea hapa kuanzia miaka ya 1950. Vikundi vya mwethya, vya kazi ya pamoja, vilivyoyachimba vilijaa wanawake, na waliokuwa wasichana wenye majembe enzi hizo ndio susu, yaani nyanya, wa leo.

Kwa hiyo ukifika miaka 55 au 60 goti likaanza kukugomea, hutakosa mtu wa kukuambia, "Hayo ni mafuta yameisha. Enda udungwe sindano." Mwongozo huu ni wa siku hiyo. Kama utadungwa au hutadungwa, hilo mtaamua wewe na daktari wako. Mimi nataka tu uende ukijua ni dawa gani unapewa, inaingia wapi, itakushika kwa muda gani, na muda huo utautumia kufanya nini. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote.

Ulidungwa wapi?

Shangazi yangu, mkulima wa upande wa Kathiani, alidungwa "sindano za goti" karibu mwaka mzima. Maumivu yakizidi alikwenda kwenye duka la dawa sokoni, akalipa, akajilaza nyuma ya pazia, akatoka anatembea kama msichana. Siku tano, sita, yamerudi. Tulipompeleka kwa daktari wa mifupa, kijana mpole, swali la kwanza lilikuwa, "Susu, hiyo sindano walikudunga wapi?" Shangazi akaziba uso kwa leso akicheka. "Sasa wewe kijana wangu, sindano hudungwa wapi?"

Makalioni. Mwaka mzima, goti halikuwa limeguswa.

Sindano ya makalioni mara nyingi huwa ni diklofenaki, pengine ikiandamana na deksamethasoni. Diklofenaki hutuliza maumivu ya mwili mzima kwa saa kadhaa, haina habari na goti. Ukiizoea huchubua tumbo hadi likatoa damu, hupandisha presha na kuumiza figo, hasa za mzee ambaye tayari anameza dawa za presha. Deksamethasoni ni steroidi, nayo ikikolea mwilini hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa na kuujaza uso. Halafu kuna mkono wa mdungaji: sindano ikikosea mahali hufikia mshipa mkubwa wa fahamu unaoteremka mguuni, na mtu aliyeingia na maumivu ya goti akatoka anaburuta wayo. Presha ya shangazi ilikuwa imepanda miezi kadhaa, na sote tulikuwa tunailaumu chumvi.

Jihadhari pia na vidonge vya "mitishamba" vinavyomaliza maumivu kwa usiku mmoja. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kuhusu vidonge vya Artri King vilivyokuwa vikiuzwa kama kirutubisho cha viungo. Maabara ilikuta ndani yake diklofenaki na deksamethasoni, na kwenye kibandiko hazikutajwa. Yaani ni sindano ya nyuma ya pazia, imevishwa majani.

Sindano ya goti ninayoizungumzia mimi huingia ndani ya kiungo chenyewe, na hudungwa na daktari au ofisa wa kliniki aliyesomea mifupa. Kama goti halikupakwa dawa ya kuua viini, hukudungwa goti.

Mafuta hayajaisha

Ukimaliza nyama ya paja la kuku, tazama ile ncha nyeupe ya mfupa, laini, inayong'aa. Hiyo ni gegedu. Ncha za mifupa ya goti lako zimefunikwa hivyo hivyo, na katikati kuna ute mzito kama ute mweupe wa yai. Kinacholika miaka ikienda ni gegedu. Mfupa ulio chini yake hukomaa na kuota vichomozo pembeni, utando wa ndani wa kiungo huvimba, na msuli wa paja husinyaa kwa sababu mtu anauhurumia mguu na kuupunguzia kazi. Ute haukauki. Mara nyingi huzidi, ingawa unakuwa mwepesi kuliko wa goti zima, na ndiyo maana goti bovu hujaa kama puto. Mlenda wa bamia na supu ya miguu ya ng'ombe havina njia ya kutoka tumboni kwenda kulipaka goti. Supu unywe kwa utamu wake.

Tena si kila goti linalouma limelika. Goti moja tu lililovimba miezi mingi, mtu anakonda na kutokwa jasho usiku, lazima TB ya kiungo ifikiriwe kwanza. Kutia steroidi humo ni kumfungulia fisi zizi la mbuzi. Goti linalowaka ghafla usiku, jekundu, halivumilii hata shuka, huenda ni jongo. Vidole vya mikono yote miwili vikiamka vigumu na kukaa hivyo saa nzima, hiyo huenda ni baridi yabisi ya kinga ya mwili kujishambulia, nayo ina dawa zake tofauti kabisa. Na kuna nyonga mbovu ambayo maumivu yake hushuka kujifanya ya goti. Kwa hiyo usikubali sindano kutoka kwa mtu ambaye hajakushika mguu, akaukunja, akauzungusha. Ukitumwa eksirei, omba upigwe ukiwa umesimama, maana ukilala, pengo kati ya mifupa huonekana pana kuliko lilivyo unapotembea. Wala picha isikutishe: wapo wenye picha mbaya wanaolima hadi leo, na wenye picha nzuri wanaolia usiku.

Sindano zenyewe

Ya kwanza, na ndiyo utakayopewa mara nyingi, ni steroidi: triamsinoloni au methilipredinisoloni, kwa kawaida miligramu 40, ikichanganywa na lignokeini ya kutia ganzi. Si jambo geni. Daktari Joseph Hollander wa Marekani na wenzake walitoa taarifa ya kudunga haidrokotisoni ndani ya viungo mwaka 1951. Ganzi hukupa nafuu ndani ya dakika chache, kisha inaisha usiku huo na mtu anadhani ametapeliwa. Subiri. Steroidi huanza kazi baada ya siku mbili hadi saba, ikakushika wiki kadhaa. Wenye bahati hufika miezi mitatu. Inachofanya ni kutuliza uvimbe wa ndani. Gegedu iliyolika hairudishi.

Tena ikizidi, huenda ikaipunguza. Mwaka 2017 jarida la JAMA lilichapisha utafiti wa wagonjwa 140 uliofanywa Marekani. Kila baada ya wiki 12, kwa miaka miwili, nusu yao walidungwa triamsinoloni na nusu maji ya chumvi. Mwishoni, waliopata steroidi walikuwa wamepoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakutofautiana na ya wenzao. Ndiyo maana madaktari waangalifu hawavuki mara tatu au nne kwa mwaka katika goti moja. Mimi nasema hata hizo zisiwe ratiba kama ya kulipia chama. Idungwe kwa sababu goti limevimba na limekushinda, wala si kwa sababu miezi mitatu imetimia.

Kabla hujalala kitandani, kuna mambo ambayo daktari hawezi kuyaona kwa macho, na wewe usione haya kuyasema. Kama una kisukari, sukari itapanda siku kadhaa, pengine wiki, kwa hiyo ipime kila siku na ujue mapema utafanya nini ikipita kiwango. Kama unatumia ARV zenye ritonavir, ambazo wengi walio kwenye dawa za mstari wa pili wanazimeza, sema, hata ikibidi umuombe daktari watu wengine watoke chumbani. Ritonavir huzuia ini kuivunja triamsinoloni, nayo hukaa mwilini na kukusanyika: uso unajaa, presha na sukari vinapanda, na tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili zinalala. Sindano moja ndogo imewahi kuwaletea watu hayo. Sema pia kama unameza dawa za kuzuia damu kuganda, kama una homa, au kama una kidonda karibu na goti. Na kama upasuaji wa kubadilisha goti uko njiani, steroidi iepukwe miezi mitatu kabla yake, kwa kuwa huongeza hatari ya goti jipya kuingiwa na viini.

Ya pili ndiyo inayouzwa kwa jina la mafuta au jeli: asidi ya hayaluroniki. Hupatikana kwenye kishungi cha jogoo au kwa kufuga bakteria wanaoitoa, na hudungwa mara moja au mara tatu hadi tano, wiki kwa wiki. Bei yake ni mara kadhaa ya steroidi. Jina la mafuta linaiuza vizuri kwa sababu tulishaamini kwamba yameisha, lakini jeli yenyewe haikai kwenye goti kama grisi kwenye beringi, mwili huiondoa. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la BMJ mwaka 2022, uliokusanya tafiti nyingi kwa pamoja, ulikuta kwamba nafuu yake ni ndogo kiasi ambacho mgonjwa hawezi kuihisi, na madhara makubwa yalikuwa mengi kidogo kuliko kwa waliopata dawa ya bandia. Mwaka huo huo NICE, taasisi inayoandika miongozo ya tiba Uingereza, iliwaambia madaktari wa huko wasiitoe kwa goti lililolika. Mimi mtu akiniuliza auze mbuzi adungwe jeli, nitamwambia mbuzi akae.

Ya tatu ni ya damu yako mwenyewe. Unatolewa damu mkononi, inazungushwa kwenye mashine, inachujwa ile plazma yenye chembe sahani nyingi, kisha inarudishwa gotini. Tafiti ndogo kadhaa zimeisifu. Utafiti mmoja uliofanywa kwa makini Australia na kuchapishwa mwaka 2021, watu 288, sindano tatu dhidi ya maji ya chumvi, haukuona tofauti ya maumivu wala ya gegedu baada ya mwaka. Ni ghali na kila kliniki huitengeneza kivyake. Seli shina nazo, kwa goti lililolika, bado hazijathibitishwa. Anayekuahidi gegedu mpya kwa seli shina muulize kwa nini hospitali kubwa bado zinabadilisha magoti kwa chuma na plastiki.

Utakuwa umeona kwamba maji ya chumvi yanatajwa kila mahali. Waliodungwa hayo nao hupata nafuu, wakati mwingine kubwa. Goti hupanda na kushuka lenyewe, na mtu huenda kudungwa siku ya kilele, kwa hiyo wiki inayofuata lingepoa hata angelipaka mate. Ndiyo sababu ushuhuda wa jirani, hata wa kanisani, haukutoshi.

Siku yenyewe

Vaa nguo inayopanda juu ya goti bila kugombana. Utalala chali, kitambaa kimekunjwa chini ya goti ili likunjike kidogo. Daktari wa shangazi alilipapasa goti, akasukuma kifuniko cha goti kushoto na kulia, akaibonyeza ngozi kwa kizibo cha kalamu ili alama ya duara ibaki, ndipo akapaka dawa ya kahawia, akaiacha ikauke. Kungoja ikauke ni muhimu kuliko inavyoonekana, kwani dawa huua viini ikiwa inakauka. Baada ya hapo hakuigusa tena ile alama kwa kidole.

Sindano iliingia kando ya kifuniko, upande wa nje. Kwanza alivuta. Yakaja maji ya rangi ya manjano hafifu, angavu, sirinji moja ikajaa, akabadilisha, ya pili ikafika nusu. "Mafuta yako haya, Susu," akamwonyesha. "Yameisha kweli?" Shangazi akainua kichwa kuyatazama kama mtu anayetazama mboga aliyouziwa. Maji yakiwa angavu, kazi inaendelea. Yakiwa na ukungu au yanafanana na usaha, mdungaji mzuri husimama hapo hapo, akayapeleka maabara, na steroidi ikarudi mezani. Dawa ilipoingia, shangazi alisema haikuuma kama ya makalioni.

Siku moja au mbili za kwanza goti linaweza kuuma zaidi kuliko mwanzo. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa na parasetamoli vinatosha, nawe usibebe mzigo wala kushika jembe kwa saa 48. Lakini goti likiwa la moto na jekundu, maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, au ukipata homa, rudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Goti kuingiwa na viini hutokea mara chache sana. Viini vikishaingia kwenye kiungo huhesabu saa, na usipewe sindano nyingine ya kutuliza na mtu yeyote njiani.

Wiki zile chache

Sasa ndiyo tiba inaanza. Nafuu ya steroidi ni mlango uliofunguliwa kwa wiki chache, na wengi huutumia kurudi shambani kufidia palizi iliyopita. Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha ulinganisho wa watu 156: nusu walidungwa steroidi, nusu walifanya fiziotherapia. Baada ya mwaka, waliofanya mazoezi walikuwa na maumivu na ulemavu mdogo kuliko waliodungwa. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua hiyo fiziotherapia. Kama goti limevimba kiasi cha kushindwa mazoezi, sindano ikufungulie njia ya kuyafikia.

Zoezi la kwanza halihitaji kifaa. Kaa kwenye kiti kisicho laini, mikono kifuani, simama polepole, keti polepole zaidi. Mara 10, pumzika, rudia, asubuhi na jioni. Ukishindwa, weka mto juu ya kiti ili kiinuke. La pili, ukiwa kitandani kabla hujaamka, nyoosha mguu, kaza paja, uinue shubiri moja, uhesabu hadi tano. Maumivu kidogo wakati wa zoezi si kosa. Yakiwa bado yako juu kesho yake asubuhi, umezidisha, punguza. Baada ya wiki sita paja hubadilika, nawe utaligundua kwanza chooni, kwenye kuinuka.

Bakora ishike mkono wa upande wa goti zima, si wa goti bovu. Hili karibu kila mtu hulikosea, na ukibadilisha mkono utahisi tofauti kabla hujafika langoni. Uzito nao una hesabu yake: kila kilo unayopunguza hulipunguzia goti mzigo wa kilo kama nne kwa kila hatua. Maji yabebwe na punda, au vijana, au mkokoteni. Choo cha shimo kiwekewe kiti, hata cha mbao kilichokatwa tundu na fundi wa kijijini. Na jeli ya kupaka ya diklofenaki, juu ya ngozi, hupita tumbo na figo kwa usalama kuliko ile ya kudungwa, kwa hiyo ijaribu kabla ya sindano yoyote.

Kuhusu wapi pa kwenda, Hospitali ya Machakos Level 5 ndiyo ya rufaa ya kaunti. Popote utakapokwenda, uliza jina la atakayekudunga na alichosomea. Daktari husajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC, ofisa wa kliniki ana baraza lake, mtaalamu wa fiziotherapia lake. Uliza pia mapema kama SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, italipia huduma hiyo hapo ulipo au utatoa mfukoni, maana swali hili likiulizwa baada ya sindano halina jibu zuri.

Kisha andika. Shangazi ana daftari la chama, na ukurasa wa nyuma kabisa umegeuzwa kuwa wa goti: tarehe, goti la kulia, jina la dawa kama lilivyo kwenye kichupa, miligramu 40, jina la aliyedunga, sukari ya asubuhi iliyofuata. Chini yake kuna mistari ya kalamu, mitano mitano kama ya kuhesabu magunia, ya mara alizosimama na kuketi kwenye kiti cha jikoni. Juzi nilipoufungua mistari ilikuwa imevuka ukurasa, imeingia kwenye hesabu za wadaiwa wa chama, na sindano iliyoandikwa bado ilikuwa moja.